Modeli ya mfumo wa jua kwa skeli moja: vipimo, vifaa na makosa ya kuepuka

mwl_fizikia

Wakuu, habari zenu. Naandaa modeli ya mfumo wa jua kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, na nataka iwe na vipimo vya kweli, siyo mipira minane iliyobandikwa kwenye kadibodi. Ndani nina ukuta wa mita 3. Nje kuna uwanja wa mita 100 kwa 60, na pembeni yake barabara iliyonyooka.

Naomba kujua haya. Ukuta wa mita 3 unatosha kuonyesha ukubwa wa sayari na umbali wake kwa pamoja? Kama hautoshi, nitumie skeli gani? Utaridi na Mirihi nizitengeneze kwa kitu gani zikiwa ndogo sana? Na Mwezi niuweke wapi? Michoro mingi inaugandisha ubavuni mwa Dunia, nami siiamini.

---

rula_na_bikari

Mwalimu, ukuta hautoshi, na hesabu yake ni fupi. Neptuni iko wastani wa km milioni 4,495 kutoka kwenye Jua. Ukiubana umbali huo ndani ya mita 3, Jua lenyewe linabaki na kipenyo cha milimita 0.9, na Dunia inakuwa milimita 0.0085, yaani haionekani kwa macho. Ndiyo maana mabango hutumia skeli mbili kimyakimya, moja ya ukubwa na nyingine ya umbali, na hata ile ya umbali huzidi kubanwa kadiri unavyokwenda nje. Mwanafunzi anaondoka akiamini kuwa sayari zimesongamana, na imani hiyo inakaa naye miaka.

Tumia skeli ya 1 kwa bilioni 10 kwa kila kitu, ukubwa na umbali. Ndiyo iliyotumika kwenye modeli ya Voyage iliyofunguliwa Washington mwaka 2001. Faida yake kubwa ni kwamba hesabu zinafanyika kichwani:

milimita 1 = km 10,000
sentimita 1 = km 100,000
mita 1 = km milioni 10

Kwa hiyo kipenyo cha km kigawe kwa 10,000 upate milimita, na umbali ulioandikwa kwa milioni za km ugawe kwa 10 upate mita. Matokeo ni haya (kipenyo kwanza, kisha umbali wa wastani kutoka kwenye Jua):

Jua: mm 139
Utaridi: mm 0.49, mita 5.8
Zuhura: mm 1.2, mita 10.8
Dunia: mm 1.3, mita 15.0
Mirihi: mm 0.68, mita 22.8
Mshtarii: mm 14.3, mita 77.9
Zohali: mm 12.1, mita 143
Uranus: mm 5.1, mita 287
Neptuni: mm 5.0, mita 450

Pluto, ambayo tangu 2006 imewekwa kwenye kundi la sayari kibete, ni mm 0.24. Wastani wake ni mita 591, lakini obiti yake, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, imerefuka sana, hivyo husogea kati ya mita 444 na mita 738. Ikiwa kwenye ile 444 inakuwa karibu na Jua kuliko Neptuni.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kuchanganya kipenyo na nusu kipenyo. Vitabu vingine vinaandika Dunia km 6,371, vingine km 12,742, na ukichukua namba kutoka vyanzo viwili unapata Mirihi kubwa kuliko Dunia. Kabla hujatumia jedwali lolote, angalia Dunia imeandikwaje, na usichanganye majedwali. La pili ni sifuri: ukikosea milioni na bilioni, umbali wote unakuwa mara elfu. Dunia isipotua mita 15 kutoka kwenye Jua, simama hapohapo urudie hesabu. La tatu ni kupima kutoka sayari moja kwenda nyingine. Umbali wote katika orodha hii unaanzia kwenye Jua. Ukiweka Dunia mita 15 mbele ya Zuhura badala ya mbele ya Jua, modeli yote inateleza kuanzia hapo.

Ule ukuta usiutupe. Utumie kwa ukubwa peke yake, na uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba umbali hauhusiki. Chukua Dunia iwe sentimita 2. Utaridi inakuwa cm 0.8, Zuhura 1.9, Mirihi 1.1, Mwezi 0.5, Mshtarii 22.4, Zohali 18.9 na pete zake 43, Uranus 8.0, Neptuni 7.8. Jua linakuwa mita 2.18. Kama dari ni fupi, chora kipande cha ukingo wa Jua tu. Mkunjo wake unatosha kuonyesha kwamba Dunia 109 zinajipanga kwenye kipenyo chake.

---

mfinyanzi_wa_sayari

Naongezea upande wa vifaa, maana hapo ndipo watu hukwama baada ya hesabu kuisha.

Kinachozidi milimita 3 kifinyange. Kilicho chini ya hapo kibandike kwenye kadi nyeupe. Usijaribu kufinyanga Dunia ya mm 1.3, itatoka mm 2 na hutagundua, na hapo umekosea kwa zaidi ya nusu.

*Jua.* Kata duara la kadibodi, bikari ikiwa imefunguliwa milimita 69.5. Duara bapa linatosha kabisa, kwa sababu ukiwa mita 15 jicho halitofautishi mpira na duara. Lipake njano au rangi ya machungwa ili lionekane kwa mbali, ila waambie wanafunzi kuwa mwanga wa Jua ukiangaliwa kutoka angani, nje ya hewa yetu, ni mweupe.

*Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni.* Tumia plastisini. Udongo wa kawaida wa mfinyanzi husinyaa ukikauka, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, hivyo Mshtarii ya mm 14.3 inaweza kuishia mm 13. Kama huna budi kutumia udongo, kausha kwanza mpira mmoja wa majaribio, upime kabla na baada, kisha uongeze ukubwa kwa uwiano huohuo. Kupima mpira bila kalipa (kifaa cha kupimia unene): uweke juu ya rula, ubane katikati ya vipande viwili vya mbao vyenye kingo zilizonyooka, usome nafasi iliyo kati ya vipande. Ukiusoma mpira wenyewe juu ya rula, jicho likiwa upande kidogo tu utakosea milimita nzima.

Mshtarii na Zohali si duara kamili, na hili usilipuuze kwa sababu linaonekana hata kwenye skeli hii. Sayari hizo za gesi zinajizungusha kwa chini ya saa 11, na mzunguko huo wa kasi unazitanua katikati. Mshtarii ni mm 14.3 kwenye ikweta na mm 13.4 kutoka ncha hadi ncha. Zohali ni 12.1 kwa 10.9. Ukishafinyanga mpira, ubonyeze taratibu kwa bamba la kioo au plastiki mpaka upungue kiasi hicho.

*Pete za Zohali.* Kata karatasi nyembamba yenye kipenyo cha nje cha mm 27 na tundu la mm 15, uiinamishe digrii 27 hivi. Itaacha nafasi ya milimita moja na nusu kati yake na sayari. Usiibandike kwenye plastisini, ishikilie kwa pini nyembamba. Wanafunzi waambiwe wazi kuwa unene wa karatasi ndiyo sehemu pekee ya modeli inayodanganya. Karatasi ya mm 0.1 kwenye skeli hii ni unene wa km 1,000, wakati pete halisi kwa sehemu kubwa zina unene wa makumi ya mita tu.

*Sayari ndogo.* Hapa ncha za penseli za kubonyeza zinasaidia sana, kwa sababu zinauzwa kwa unene unaojulikana. Ncha ya 0.7 ndiyo Mirihi. Ya 0.5 ndiyo Utaridi, ingawa ncha zilizoandikwa 0.5 kwa kawaida huwa na kama mm 0.56, kwa hiyo itazidi kidogo. Ya 0.3, ambayo kwa kweli hukaribia 0.38, inafaa kwa Mwezi. Kata kipande chenye urefu sawa na unene wake kwa wembe, kiokote kwa ncha ya sindano iliyoguswa kwenye gundi, kisha kitue katikati ya kadi. Gundi iwe chembe; tone la kawaida ni kubwa kuliko sayari yenyewe na likikauka linaonekana kama sayari.

Dunia na Zuhura zitokane na vichwa vya pini. Pini hutofautiana sana, hivyo usikisie. Panga vichwa kumi vigusane kwenye ukingo wa rula, soma urefu wote, gawa kwa kumi. Ukipata mm 13 kwa vichwa kumi, hizo ndizo Dunia zako. Vikiwa mm 18, tafuta pini nyingine.

Kila kadi iwe na jina lenye herufi za sentimita 3 na iwekwe kwenye kijiti cha usawa wa kifua. Bila jina hilo hakuna atakayeipata Mirihi uwanjani, hata akiwa ameisimamia.

---

kivuli_cha_mwezi

Swali la Mwezi lisipitwe haraka, maana hapa ndipo skeli moja inapolipa kuliko mahali pengine popote.

Chukua kadi ya Dunia. Mwezi uweke milimita 38 kutoka hapo, siyo zaidi na siyo pungufu. Umbali wa wastani ni km 384,400, na katikati yake zinaweza kujipanga Dunia 30. Sasa chora kwa bikari obiti nzima ya Mwezi: kipenyo chake ni mm 77. Iweke kadi hiyo juu ya duara la Jua lenye mm 139. Obiti yote ya Mwezi inaingia ndani ya Jua na nafasi inabaki pembeni. Sijui njia fupi zaidi ya kumwonyesha mtoto ukubwa wa Jua.

Kisha liulize darasa kwa nini hakuna kupatwa kwa mwezi kila mwezi mpevu. Obiti ya Mwezi imeinama digrii 5.1 kulinganisha na obiti ya Dunia. Kwenye mm 38, mwinamo huo unaupandisha Mwezi au kuushusha hadi mm 3.4. Kivuli kizito cha Dunia kinapofika umbali wa Mwezi kina upana wa mm 0.9 tu. Kwa hiyo Mwezi wenye mm 0.35 ukiwa mm 3 juu ya mstari, kivuli kinapita chini yake mbali kabisa. Kupatwa hutokea pale tu mwezi mpevu unapoangukia karibu na sehemu mbili ambazo obiti hizo zinakatana, na sehemu hizo huelekeana na Jua kila baada ya miezi sita hivi.

Ili waone kwa macho, kata obiti ya Mwezi kama duara la kadi, chora mstari wa kipenyo, pachika duara hilo kwenye kadi ya Dunia likiwa limeinuka upande mmoja mm 3.4 na kuzama upande wa pili kiasi hichohicho. Ukitumia kadi nene mwinamo unapotea. Tumia karatasi ngumu ya kawaida.

Kuna jambo jingine zuri zaidi la kupatwa kwa jua. Kivuli kizito cha Mwezi kina urefu wa kama mm 37.4 kwenye skeli hii, kisha kinaisha kwa ncha. Mwezi nao haukai mm 38 daima: hukaribia hadi mm 36.3 na kujitenga hadi mm 40.6 hivi. Ukiwa karibu, ncha ya kivuli inaigusa Dunia na waliopo hapo wanaona Jua limefunikwa lote. Ukiwa mbali, ncha inaishia hewani kabla ya kufika, na watu wanaona ukingo wa Jua umebaki kama pete. Milimita mbili tatu ndizo zinazotenganisha aina hizo mbili za kupatwa. Mpe mwanafunzi kipande cha waya wa mm 37.4 akipime mwenyewe kutoka kwenye Mwezi kuelekea Dunia kwa kila umbali.

---

mwl_fizikia

Nashukuru sana wakuu, hasa hilo la waya wa kivuli. Nimebaki na mawili. Uwanja wangu una mita 100, Zohali inatoka nje. Nipunguze skeli iwe 1 kwa bilioni 20? Na sayari zote nizipange mstari mmoja kando ya barabara, au kuna njia bora?

---

obiti_hai

Usipunguze skeli. Kwa bilioni 20 Dunia inakuwa mm 0.64 na Mwezi mm 0.17, na kazi yote ya kivuli iliyoelezwa hapo juu inakufa. Gawa modeli sehemu mbili kwa skeli ileile.

Jua liweke katikati ya uwanja. Mirihi ikiwa mbali kabisa na Jua hufika mita 24.9, na kutoka katikati unazo mita 30 kila upande, kwa hiyo obiti za sayari nne za ndani zinaingia zote zikiwa duara kamili. Sayari kubwa nne zipeleke barabarani. Kama barabara haifiki mita 450, ikunje. Andika kwenye kadi umbali kutoka kwenye Jua, kwa sababu kinachofundishwa barabarani ni umbali na siyo mwelekeo.

Kuhusu mstari mmoja: sayari hazipo kwenye mstari, na mtoto akiziona zimepangwa hivyo atadhani ndivyo zinavyokaa. Kila moja ina mwendo wake. Utaridi inalizunguka Jua kwa siku 88, Zuhura 225, Dunia 365, Mirihi 687, Mshtarii miaka 11.9, Zohali 29.5, Uranus 84 na Neptuni 165. Neptuni iligunduliwa mwaka 1846 na ilikamilisha mzunguko wake wa kwanza tangu igunduliwe mwaka 2011.

Ndiyo maana napendekeza modeli inayotembea. Kwenye skeli hii mwendo wa kila siku unapimika kwa rula: Utaridi cm 41, Zuhura cm 30, Dunia cm 26, Mirihi cm 21, Mshtarii cm 11, Zohali cm 8, Uranus cm 6, Neptuni cm 5 kasorobo. Mwelekeo ni kinyume cha saa ukiangalia kutoka juu, upande wa kaskazini. Zisogeze mara moja kwa wiki, Dunia mita 1.8 na Mirihi mita 1.46.

Kuchora duara la mita 15 au 22.8 tumia waya laini uliofungwa kwenye mambo (kigingi) ya katikati. Usitumie kamba ya nailoni, kwa sababu inavutika: unaanza na mita 22.8 na unamaliza duara na mita 23 na ushee, mwisho haukutani na mwanzo. Fundo kwenye mambo liwe legevu ili lizunguke, la sivyo waya unajiviringisha na duara linasinyaa.

Ukishakuwa na duara la Dunia na la Mirihi, unaweza kuonyesha kitu kilichowasumbua wanajimu kwa karne nyingi, yaani Mirihi kurudi nyuma angani. Fanya hivi. Weka Dunia na Mirihi upande mmoja wa Jua, zote tatu kwenye mstari. Hiyo ni siku 0. Kutoka hapo weka alama za siku 30 na 60 mbele, na siku 30 na 60 nyuma. Kwa Dunia, alama moja hadi inayofuata ni mita 7.66 kwa mstari ulionyooka. Kwa Mirihi ni mita 6.24. Mwanafunzi asimame kwenye Dunia ya siku 60 kabla, aelekeze dira kwenye Mirihi ya siku hiyohiyo, aandike pembe. Kisha siku 30 kabla, siku 0, na kuendelea, alama tano kwa jumla.

Ukichukua mwelekeo wa siku 0 kuwa sifuri, matokeo yanakaribia haya: +4.8, +7.8, 0, −7.8, −4.8. Mirihi inasonga mbele, inarudi nyuma zaidi ya digrii 15, kisha inaanza tena kwenda mbele. Haikugeuka hata mara moja kwenye duara lake. Ni Dunia iliyoipita kwa ndani.

Kosa kubwa la zoezi hili ni kulinganisha Mirihi na ukuta au mti ulio karibu na uwanja badala ya kusoma dira. Nyota halisi ziko mbali mno, na kwenye skeli hii ile iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko km 4,000 kutoka kwenye uwanja wako. Ukuta ulio mita 50 mbele unasogea pamoja na wewe, na jibu linaharibika. Pia dira isishikwe karibu na mambo ya chuma.

---

rula_na_bikari

Naungana na obiti_hai. Nyongeza moja kuhusu duara: kwa Zuhura na Dunia duara linatosha. Dunia husogea kati ya mita 14.7 na 15.2 tu, tena huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo majira hayaletwi na umbali huo. Yanaletwa na mhimili ulioinama digrii 23.4. Utaridi ni habari nyingine. Inakwenda kutoka mita 4.6 hadi mita 7.0, na ukiichora kama duara lenye Jua katikati umeidhulumu. Bado ni karibu na duara, ila Jua halipo katikati yake. Piga mambo ya pili mita 1.2 kutoka kwenye Jua, chora duara la mita 5.8 kutoka hapo, na hutakosea zaidi ya sentimita 13 hivi: upande wa karibu unapata 4.6, upande wa mbali 7.0.

Kuhesabu hatua barabarani kunakubalika kuanzia Zohali kwenda nje, kama hatua zimepimwa kwanza. Tembea mita 50 zilizopimwa kwa futikamba mara tatu, hesabu hatua, chukua wastani. Hata hivyo kosa la asilimia 2 kwenye Neptuni ni mita 9, zaidi ya nafasi nzima iliyopo kati ya Dunia na Mirihi. Sayari za ndani zisiguswe na hatua, tumia futikamba.

Na ule ukanda wa asteroidi msiujaze mawe. Unaanzia kama mita 31 hadi 49 kwenye skeli hii, na Ceres, kubwa kuliko zote mle, iliyogunduliwa mwaka 1801, ina mm 0.09 na iko mita 41. Ukiziunganisha asteroidi zote za ukanda huo hazifikii hata sehemu ya kumi ya uzito wa Mwezi wetu. Kadi moja tupu yenye nukta ya kalamu nyembamba inatosha, na nukta hiyo tayari ni kubwa mno.

---

tundu_la_sindano

Hakuna aliyetaja jinsi ya kuthibitisha kuwa modeli ni sahihi, na kwangu hilo ndilo la lazima. Mwanafunzi asiambiwe tu kuwa mita 15 ni sawa, apime.

Kigezo ni hiki: ukisimama kwenye Dunia ya modeli, duara la Jua la mm 139 lililo mita 15 mbele lazima lionekane na ukubwa uleule wa Jua la angani, kama nusu digrii. Ila Jua la angani halitazamwi. Si kwa miwani ya kawaida, si kwa kioo kilichofukizwa moshi, na si kwa darubini au binokula hata kwa sekunde moja. Linaunguza jicho bila maumivu, hivyo mtu hajui mpaka ameshaumia. Tumia tundu.

Toboa tundu la kama milimita 1 kwenye karatasi ya alumini iliyobandikwa kwenye kadibodi. Lipe Jua mgongo, inua kadibodi juu ya bega, mwanga upite tunduni na kuanguka kwenye karatasi nyeupe iliyo mita 2 kamili kutoka kwenye tundu, karatasi ikiuelekea mwanga moja kwa moja. Taswira ya Jua itakuwa mm 18.6. Kwa uwiano huohuo, milimita 139 kugawa kwa mita 15 kisha mara mita 2 inatoa mm 18.5. Namba hizo mbili zikikaribiana, modeli yako imethibitishwa na Jua lenyewe.

Kinachokwenda kombo: tundu likiwa kubwa, kingo za taswira zinavimba kwa kiasi cha upana wa tundu. Ukipata mm 21 na tundu lako ni mm 2, hapo ndipo tatizo lilipo. Likiwa dogo mno, taswira inafifia hadi haipimiki. Karatasi ikiinama, taswira inakuwa yai. Pima upande mfupi. Fanya mahali penye kivuli ili taswira ionekane, na mtu wa pili apige alama mbili za penseli kwenye kingo haraka, kwa sababu taswira inahama. Kila dakika mbili inasogea kiasi cha upana wake wote, nayo ni Dunia inayojizungusha.

Kigezo cha pili ni mwanga. Kasi yake, km 299,792 kwa sekunde, ikigawiwa kwa bilioni 10 inakuwa sentimita 3 kwa sekunde. Mpe mwanafunzi mmoja saa na mwingine futikamba iliyolazwa kutoka kwenye Jua hadi kwenye Dunia. Mwenye saa anaita kila sekunde 10, mwenzake anasogeza kijiti sentimita 30. Kijiti kinaifikia Dunia baada ya dakika 8 na sekunde 19 au karibu na hapo. Kikichelewa au kuwahi kwa zaidi ya sekunde 15, kuna sentimita zimepotea kwenye upimaji. Kutoka Dunia hadi Mwezi, zile mm 38, ni sekunde 1.3. Hadi Neptuni zingehitajika saa 4 na dakika 10, kwa hiyo usilianzishe zoezi hilo barabarani. Weka tu muda huo kwenye kadi ya Neptuni.

Ukiwafikisha Neptuni, waache wageuke walitafute duara la Jua mita 450 nyuma yao. Hapo limebaki na upana wa dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii), ambao ni kikomo cha jicho zima kutofautisha duara na nukta. Kadibodi ya njano haitaonekana vizuri kwa umbali huo. Mtu abaki pale uwanjani na kioo kidogo awarudishie mwanga wa Jua, kwa kuumulika mara moja na kuuondoa, siyo kuushikilia machoni mwao. Jua halisi likitazamwa kutoka Neptuni nalo ni nukta, lakini nukta kali, yenye mwanga mara 900 pungufu ya tunaoupata hapa.